Nani Alikupa Uadmin?

Swali hili husikika kwenye makundi ya WhatsApp kila siku, mara nyingi kwa hasira. Mtu ametolewa, ujumbe wake umefutwa, na aliyemtoa hakuchaguliwa na yeyote. Alikuwa tu wa kwanza kufungua kundi. Tunacheka, lakini swali ni zito. Watu wanapofanya kazi ya pamoja mtandaoni bila malipo, nani apewe uwezo wa kumnyamazisha mwenzake? Na je, wenye uwezo huo wapangwe kwa vyeo, mmoja juu ya mwingine?

Jibu la haraka ni vyeo vifutwe, wote tuwe sawa. Silikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanaharakati wa Marekani Jo Freeman alieleza jinsi makundi ya wanawake yaliyojiita hayana viongozi yalivyoishia mikononi mwa marafiki wachache waliojuana. Ubaya wa viongozi wa aina hiyo ni kwamba huwezi kuwahoji. Rasmi, hawapo.

Basi tuchukue Wikipedia, ambako vyeo vipo wazi. Yeyote anaweza kuhariri. Wakabidhi wanaweza kufuta kurasa na kuwazuia watumiaji, na juu yao kuna wanaogawa huo ukabidhi. Wote wanajitolea. Mwaka 2003 mwanzilishi wake, Jimmy Wales, alisema ukabidhi usichukuliwe kuwa jambo kubwa. Wapi! Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kuuomba kuligeuka kuwa kesi: maswali siku saba, watu wakifukua makosa yako ya miaka iliyopita. Mwaka 2007 walipitishwa zaidi ya 400. Mwaka 2021 hawakufika 20.

Nadhani sababu ni hii: pasipo mshahara, cheo ndicho mshahara. Msee aliyekesha miaka mitano akifuta matusi ya watu hana payslip. Ana neno moja tu kando ya jina lake. Ukimwambia alirudishe, anasikia unamdai malipo yote aliyowahi kupata.

Ndiyo maana kesi ya Wikipedia ya Kikroatia inaniogopesha kuliko vurugu ya kundi lolote lisilo na admin. Kwa takriban miaka kumi, kuanzia 2011, kikundi kidogo cha wakabidhi kiliishika, kikawazuia waliopinga, na kurasa za historia zikapindishwa kuwapendelea wazalendo wakali. Kambi ya mauaji ya Jasenovac ilielezwa kana kwamba ilikuwa ya kazi tu. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa nchi hiyo aliwaonya wanafunzi wasiitumie. Vyeo vilikuwepo, kura pia zilikuwepo. Lakini waliobaki kupiga kura walikuwa wale ambao hawajafukuzwa.

Stack Overflow ilijaribu njia nyingine: badala ya vyeo, funguo. Ukifikisha pointi 15 unaweza kulipigia jibu kura ya juu, 50 unatoa maoni popote, 2,000 unahariri kazi ya wengine bila kusubiri idhini. Napenda wazo hilo, kwa sababu kila ufunguo una mlango wake na hakuna anayeitwa mheshimiwa. Ila pointi hupima ujuzi wa kodi, si uadilifu. Fundi hodari anaweza kuwa hakimu mbovu, na ndiyo maana hata huko wasimamizi wakuu huchaguliwa kwa kura.

Kwa hiyo mimi sipingi ngazi. Ninachouliza ni mtu anashukaje. Wikipedia ya Kiingereza ilingoja hadi 2024 kukubali utaratibu wa wahariri 25 kutia sahihi na kumlazimisha mkabidhi aombe upya. Ajabu ni kwamba mastuadi, walio juu kabisa na wanaohudumia lugha zote, walikuwa wakipimwa upya kila mwaka, huku wakabidhi wengi wa chini yao wakikaa tu.

Kwetu hesabu ni ngumu zaidi. Wikipedia ya Kiswahili ina wakabidhi wachache sana, na makundi mengi tunayojitolea hayana hata watu 25 wanaofanya kazi kweli. Kupanga vyeo vitano humo ni mzaha, na kusubiri sahihi 25 ni kumhakikishia aliyepo kiti cha maisha. Ningeweka tarehe tu: mwaka ukiisha, ufunguo unarudi mezani, hata kama mwenyewe atauchukua tena dakika tano baadaye.