Sufuria Mbili

Kule Bukavu, kabla ya kukimbia, nilikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni. Kitu tulichojivunia mwisho wa mlo kilikuwa peasi za divai, mapishi ya Wafaransa. Unachukua peasi ngumungumu, unamenya ukiacha kikonyo, unapika na divai nyekundu, sukari, mdalasini, karafuu na ganda la chungwa. Moto mdogo, isitokote. Dakika 25 hivi unaepua, matunda yanalala humo usiku kucha. Kesho yake unayatoa, unachemsha ile divai peke yake mpaka iwe nzito kama asali.

Hapa kambini peasi hakuna. Siku ya ubatizo wa mjukuu nikapata mapera magumu na chupa moja ya divai. Vijana wakanicheka: “Papa, sisi tunahesabiwa kwa kilo za unga, wewe unahangaika na kikonyo?” Si swali la kijinga. Mashirika hupanga chakula kwa kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mara nyingi hatuzipati. Uzuri haumo kwenye hesabu hiyo.

Lakini swali lililonishika ni lingine. Kati ya wageni alikuwemo jirani yetu, mama Mwislamu, aliyetugawia maji siku tulipofika. Mtu akaninong'oneza: “Mpe tu. Divai ikichemka kilevi kinaisha. Atajuaje?”

Mimi mpishi, najua si kweli. Moto ule hupunguza kilevi, haukimalizi. Na hata kama kingeisha chote, wa kuamua ni yeye, si mimi. Maisha yetu hapa yanaamuliwa na wengine: tule nini, tukae wapi, tuondoke lini. Kinachobaki mikononi mwa mtu ni kinywa chake. Nimnyang'anye na hicho, eti kwa upendo?

Basi nikabandika sufuria ya pili, kwa choya badala ya divai, viungo vilevile. Mkaa wa kesho ukaishia hapo. Nikamwambia: “Mama, ile ina divai, hii haina.” Akauliza, “Na mwiko?” Nikamwonyesha miwili. Akala, akaongeza.

Vijana, jibu langu ndilo hilo. Uzuri wa chakula ni kumfikiria mlaji mpaka kwenye mwiko. Na ninyi mnaotugawia, kama mimi siku ile: kabla ya kujaza sahani ya mtu, mmemuuliza?