Je, Akili ya Dunia Imechoka? Fikara juu ya sayansi na wakula shaba

Siku moja, darasani mwa mwaka wa 6, tulikuwa tunafundisha somo la umeme. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyosha mkono na kusema: «Mwalimu, nilisikia kwenye radio kama wazungu wenyewe wanasema sayansi inachoka, haivumbui tena vitu vikubwa kama zamani. Kama wenye labo wako wanachoka, sisi tuko tunasoma fizike juu ya nini?» Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka. Tulimwambia tutamjibu kisha wiki moja, na ile wiki ikawa ndefu kuliko tulivyofikiri. Jibu lenyewe tunaliweka mbele yenu, wandugu wasomaji, kwa sababu tuliona ya kwamba swali lile halikuwa la fizike tu. Lilikuwa linagusa pia desturi zetu.

Kwanza tusikilize wale wanaosema sayansi imechoka, maana hawasemi ovyo. Mtu aliyezaliwa mwaka wa 1900 na kuishi miaka 70 aliona umeme ukiingia nyumbani, motokari ikichukua nafasi ya farasi, ndege ikiruka, penisilini ikiponya vidonda vilivyokuwa vinaua. Kabla ya kufa aliona pia watu wakitembea juu ya mwezi. Na kisha? Kati ya mwaka wa 1969 na 1972 watu 12 walikanyaga mwezi; zaidi ya miaka 50 ikapita bila mwingine kuweka mguu kule. Mwaka ule ule wa 1969 ndege Concorde iliruka kwa mara ya kwanza. Tangu 1976 ilibeba abiria kwa mwendo unaopita ule wa sauti, lakini mwaka wa 2003 ikasimamishwa. Msafiri wa leo kati ya Paris na New York anatumia saa mara mbili ya zile alizotumia baba yake tajiri. Hapo kweli kuko jambo la kushangaza: mtoto anaenda pole kuliko mzazi.

Wataalamu wa uchumi nao wamepima. Mwaka wa 2020 Nicholas Bloom na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba, ili kuendelea kuongeza wingi wa tranzista ndani ya kompyuta kwa mwendo ule ule wa zamani, sasa wanahitajika watafiti mara 18 kuliko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapa Katanga hatuna haja ya hesabu kubwa ili kufahamu jambo hilo. Kila mchimbaji wa Kolwezi au Likasi analijua: siku za kwanza jiwe la kijani unaliokota juu ya udongo, baadaye unashuka mita 5, kisha mita 20, na watu wengi zaidi wanavuta kamba kwa ajili ya mfuko mmoja tu. Jiwe halijaisha, lakini liko mbali.

Wengine wanajibu kwamba tunapima vibaya. Mwendo wa vyuma umepungua, ndiyo, lakini mwendo wa vitu visivyoonekana umeongezeka. Katalin Karikó na Drew Weissman walitoa mwaka wa 2005 uvumbuzi ambao watu wachache tu waliusikiliza. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid, chanjo zilizojengwa juu yake zilipatikana kwa muda usiofika mwaka mmoja. Na ile telefone iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wetu inabeba vitabu kupita maktaba zote za mji wa Lubumbashi. Tunakubali pande zote mbili. Kama sayansi ni mto, kuko mahali unapita kwa nguvu na kuko mahali umepanuka na kutulia.

Lakini tukiishia hapo, tumejibu swali la wale wengine, hatujajibu la mwanafunzi. Yeye anauliza: sisi tuko wapi katika jambo hilo? Kiswahili chetu kinatusaidia. Tunasema «maendeleo», na neno hilo linatoka kwa «kuendelea». Kuendelea si kukimbia. Ni kuanzia pale mwingine alipofikia. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kama maendeleo yamepunguza mwendo, inafaa kuuliza: nani amempokeza nani?

Tuangalie wazee wetu waliopewa jina la «wakula shaba». Hawakula shaba kwa meno. Maana yake ni kwamba waliishi kwa shaba, au mukuba kama tunavyosema hapa. Ni kazi ya zamani sana. Katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, ambayo wataalamu walianza kuyachimbua mwaka wa 1957, vilionekana vyombo vya shaba na misalaba midogo ya shaba. Kuanzia karne ya 14 misalaba hiyo ilitumika kama feza. Wakati wa kiangazi, kisha mavuno, mkubwa wa kijiji aliita watu wake waende kwenye machimbo. Wanawake na watoto waliokota malakiti, wanaume walichimba. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likajazwa makala, mivukuto ya ngozi ikapuliza. Fundi alitambua kwa rangi ya moto wakati shaba iko tayari. Kazi ilikuwa na miiko yake, na siri yake ilipita kwa watu wachache waliochaguliwa.

Mfalme Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka uliofuata mjuzi wa mawe Jules Cornet akafika kuangalia utajiri wa inchi, na wazungu waliomfuata waliongozwa na mashimo ya mababu: palipochimbwa zamani ndipo walipopiga alama zao. Mwaka wa 1906 Union Minière ikaanzishwa. Mwaka wa 1911 tanuru lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Mwaka wa 1926, Monseigneur de Hemptinne alipochapisha maandiko yake juu ya wakula shaba wa Katanga, alikuwa anaandika juu ya kazi ambayo ilikuwa imeachwa, na ambayo wazee waliifanya tena ili kumwonyesha. Toka kifo cha Msiri hadi maandiko hayo ni miaka 35. Ujuzi uliodumu zaidi ya miaka 1000 ulikufa kwa muda usiofika maisha ya mtu mmoja.

Hapo ndipo tunaona sayansi iliyosimama kweli kweli. Na haikusimama kwa sababu mawe yaliisha, wala kwa sababu akili za wazee zilichoka. Ilisimama kwa sababu hakukuwa tena mtu wa kupokea.

Ni nani mwenye kosa? Tukiwa wakweli, tutaona kufuli mbili. Ya kwanza iliwekwa na wageni. Mtoto wa fundi wa mivukuto aliingia katika kiwanda kipya kwa kusukuma gari la mawe. Mikono yake ilihitajika, akili yake haikuitwa. Mpaka uhuru wa 1960 Wakongo waliofika universite walikuwa wachache sana. Kufuli ya pili ilikuwa yetu. Siri ilifungwa ndani ya watu wachache, na wale wachache walipotawanyika, hakuna mwingine aliyeweza kuwasha tanuru.

Wengine watatupinga: siri ililinda mali ya ukoo, na hata leo mzee anayejua dawa ya miti ana haki ya kuogopa, kwa sababu anaweza kunyanganywa ujuzi wake na wale watakaouuza kwa jina lao. Ni kweli, na haki ya mzee lazima iheshimiwe. Lakini siri inalinda ujuzi mbele ya mwizi tu. Mbele ya kifo hailindi chochote.

Kuko mfano mwingine wa inchi yetu, na huu unatia moyo. Mwaka wa 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, mahali watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiokuwa na jina, ule tuliouita baadaye Ebola. Mwaka wa 1995, ugonjwa uliporudi Kikwit, wagonjwa 8 walipewa damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wakubwa wengi wa sayansi hawakuamini. Yeye hakuacha. Kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa Kinshasa pamoja na wa Marekani walipata dawa iliyojaribiwa huku kwetu, mashariki mwa Kongo, tangu mwaka wa 2018, na ikakubaliwa rasmi Marekani mwaka wa 2020. Tuhesabu: toka Kikwit ni miaka 25, toka Yambuku ni miaka 44. Mtu anayepima kwa saa ya Concorde atasema ni pole sana. Sisi tunasema hiyo ndiyo kuendelea: uzi mmoja ulishikwa mkononi, ukapokezwa kwa vijana, haukukatika.

Basi, fikara yetu ni hii. Wingi wa vitu vipya katika maduka haupimi maendeleo ya watu. Katika batri za telefone nyingi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Jiwe linatoka kwetu, linarudi likiwa telefone, na kati ya safari hizo mbili kuko ujuzi ambao hatujaushika. Mtu anaweza kubadilisha telefone kila mwaka na akabaki pale pale. Kutumia si kujua.

Na sisi walimu tusijitoe. Mara ngapi tumeandikisha wanafunzi kanuni ubaoni bila kuwaonyesha kitu? Tunasema labo hakuna, mshahara unachelewa, umeme unakatwa. Yote ni kweli, na wenye mamlaka wanapaswa kujibu. Lakini mwalimu anayeficha ujuzi ndani ya maneno magumu anafunga kufuli ile ile ya zamani, na yeye hana hata ukoo wa kulinda.

Ile wiki ilipoisha tulirudi darasani na jiwe la malakiti. Tuliuliza: «Nani atatuonyesha shaba iko wapi humu ndani?» Katika mji huu uliojengwa na shaba, hakuna hata mmoja aliyejibu. Ndipo tukasaga kipande kidogo, tukakitia ndani ya kikombe cha siki. Kikatoa povu. Kesho yake maji yalikuwa na rangi ya samawati. Tukatumbukiza msumari safi wa chuma, na ulipotoka ulikuwa umevaa shaba nyekundu. Darasa likanyamaza.

Mwanafunzi wetu wa nyuma alikuja mbele, akaushika ule msumari, akaugeuza. Hakuuliza tena kama wazungu wamechoka. Aliuliza: «Mwalimu, na wazee walifanya namna gani bila siki?» Tukamwambia moto na makala vilifanya kazi nyingine lakini vilifikia shaba ile ile, na kwamba kama yuko babu kijijini kwao aliyesikia habari za tanuru, aende amsikilize wakati wa likizo, aandike, aje atufundishe na sisi.