Je, Yafaa Kumfariji Mbwa Aliyefiwa na Mwenzake?



Huko Levolosi, mjini Arusha, akaa mama mmoja mjane, mshirika wa usharika wetu. Alikuwa na mbwa wawili wa kulinda nyumba, Simba na Popi. Simba alikuwa mzee. Popi aliletwa uani akiwa mtoto, akakua kando yake. Wawili hao walikula chombo kimoja, wakalala pamoja penye ukuta wa jiko. Wakati wa baridi Simba akafa kwa uzee, akazikwa nyuma ya migomba.

Tangu siku ile Popi akabadilika. Ugali na dagaa aliopewa jioni ulibaki hata asubuhi, ukaliwa na kuku. Mchana alilala langoni, mahali pa mwenzake, na usiku alilia kwa sauti ndefu, hata majirani wakanung'unika. Mmoja akasema, "Mpige, atanyamaza." Mwingine akasema, "Huo ni uchuro. Mfukuze kabla hajatuletea msiba."

Basi mama yule akatujia baada ya ibada, akatuuliza kwa haya: "Baba Mchungaji, je, ni dhambi kumsikitikia mnyama? Nami nimfanyie nini?"

Twaungama kwamba kwanza tulitabasamu, maana tulilidhania kuwa swali dogo. Lakini tulipofika kwake na kumwona mbwa yule, jinsi alivyoinua kichwa kila lango lilipolia, kisha akakilaza tena, tukaona ya kuwa hatuna jibu lililo tayari. Tukaenda kusoma na kuuliza, na hayo tuliyoyapata twawaletea ninyi, kwa kuwa wako wengi wafugao mbwa wala hawana wa kumwuliza.

Wako watu wasemao, "Mnyama hajui mauti, basi hawezi kuomboleza." Neno hili lisikubaliwe upesi. Katika nchi yetu wenyewe, katika msitu wa Gombe karibu na Kigoma, Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mwaka 1972 alikufa sokwe jike mzee aliyeitwa Flo. Mwanawe, Flint, alikuwa na umri wa miaka minane hivi, naye alikuwa bado akishikamana sana na mama yake. Akajitenga na wenzake, akaacha kula, akaugua, na baada ya majuma matatu hivi akafa naye.

Tena kwa habari ya mbwa, wataalamu wa Italia waliwauliza watu 426 ambao kila mmoja alikuwa amefiwa na mbwa, na mwingine akabaki nyumbani. Majibu yalitangazwa mwaka 2022. Katika kila watu 100, watu 86 walisema kwamba yule aliyebaki alibadilika: wengine walimfuata bwana wao kila mahali, wengine waliacha kucheza, wengine walilala sana, au walikula kidogo, au walilia. Mabadiliko yalionekana zaidi kwa mbwa waliokuwa marafiki, au mzazi na mtoto wake, na kwa wale waliozoea kushiriki chakula. Tena yalionekana zaidi mahali ambapo mwenye mbwa mwenyewe alikuwa na huzuni nyingi. Wataalamu hao hawakusema kwamba mbwa ajua mauti kama tujuavyo sisi. Labda amkosa mwenzake tu. Labda pia aona huzuni ya bwana wake.

Basi, je, tungoje hata tujue hakika yaliyo moyoni mwa mbwa, ndipo tumhurumie? Hasha. Mtoto mchanga hawezi kueleza kilichompata, nasi twampakata. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu hajui tena ni nani aliyemtoka, lakini ahangaika, nasi twamshika mkono. Hatumlinganishi mtu na mbwa. Twasema neno hili tu, kwamba huruma haidai ushahidi kwanza. Anayehangaika mbele ya macho yetu, nasi twaweza kumpunguzia taabu, hatuna ruhusa kumpita kwa sababu hatujui jina la taabu yake. Mithali yatufundisha kwamba mwenye haki huangalia hali ya mnyama wake, wala haikuweka sharti kwamba mnyama huyo awe na akili kama yetu.

Lakini twasikia mwingine akinena, "Mchungaji, wako watoto walalao njaa, nawe wafundisha kubembeleza mbwa!" Neno hili ni zito, nasi hatulidharau. Mtu amnunuliaye mbwa nyama huku jirani yake hana unga, na ajihukumu mwenyewe. Lakini yale aliyoyahitaji Popi hayakutoka katika sahani ya mtoto ye yote. Alihitaji dakika chache za jioni na mkono wa mtu. Wala hatujaona kwamba yule ampigaye mbwa aliaye huwa mwepesi zaidi kumpa maskini.

Sasa twanena juu ya kutenda. Kwanza, saa zisibadilike. Alishwe saa ile ile, atembezwe saa ile ile, mlango ufungwe kama ulivyofungwa siku zote. Maana aliyepotewa na mwenzake asipotewe pia na desturi za nyumba. Pili, mwenye mbwa akae karibu naye kila siku kidogo, amsemeshe kwa upole, ampe kazi aliyoizoea. Asikilipe kila kilio kwa kitoweo, asije akamfundisha kulia. Afadhali amsifu anapotulia. Tatu, asipigwe kwa ajili ya kulia. Sauti ile ndefu ndiyo mbwa waitumiayo kuitana wakiwa mbali. Popi alimwita Simba, hakuita mauti, nasi tulio Wakristo hatuna haja ya kuogopa uchuro. Nne, mbwa mwingine asiletwe kwa haraka. Wengine humpokea mgeni vema, wengine humwuma. Kwanza nyumba itulie. Tano, tuvumilie. Wengine hurudia hali yao baada ya majuma machache, wengine baada ya miezi.

Hapa twawaonya, ndugu, kwa neno la maana sana. Si kila mbwa aliyebadilika ana huzuni. Huenda maradhi yaliyomwua wa kwanza yamemshika wa pili. Akikataa chakula siku mbili, au akitapika, au akihara, aitwe daktari wa mifugo. Na kama yule wa kwanza alikufa akitokwa na mate mengi, au alimwuma mtu pasipo sababu, au aliyebaki ameanza kuwa hivyo, msimkaribie kwa kumfariji! Afungiwe mahali salama, nanyi mpeleke habari kwa daktari wa mifugo mara moja, kwa kuwa huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Dalili za ugonjwa huo zikiisha kutokea kwa mtu, karibu hapana aponaye. Tena mbwa wote wachanjwe kila mwaka. Kumpenda mbwa bila kumchanja ni mapenzi nusu, na jirani ndiye alipaye nusu iliyobaki.

Mama yule alifanya hayo yote. Alimleta daktari, naye hakuona ugonjwa. Kila jioni, kazi zikiisha, aliketi kwenye kigoda karibu na lango, mkono wake mgongoni mwa Popi, asiseme neno. Juma la tatu Popi akala nusu ya chakula chake. Juma la sita akawafukuza kuku.

Tulipomtembelea tena tukamsifu kwa uvumilivu wake. Akatujibu kwa upole, "Baba Mchungaji, nilijua la kufanya, maana ndilo nililolitamani mwenyewe. Alipofariki baba watoto mlikuja wengi, mkaimba, mkasema maneno mazuri, nami nashukuru. Lakini matanga yalipoondolewa, kila jioni nilikaa peke yangu. Mbwa hawa wawili ndio waliokaa nami."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumekwenda kumfundisha mama huyu jinsi ya kumfariji mnyama, kumbe sisi wenyewe hatukuwa tumemtendea yeye hata hayo.

Kwa hiyo, enyi wainjilisti na wazee wa kanisa, mkiulizwa kama yafaa kumfariji mbwa aliyefiwa, jibuni kwamba yafaa, tena mwonyesheni mtu namna yake. Kisha fungueni daftari zenu, mwangalie ni nani aliyefiwa mwezi wa pili au wa tatu uliopita, ambaye hakuna aliyerudi kwake. Nendeni jioni, mkaketi naye. Maneno yakikosekana, msiogope.