Mifupa ya Mtoto Haingoji

Neno la kutafakari: 2 Wafalme 2:19–22



Someni kwanza Neno lililotajwa hapo juu, kisha mrudi. Ni habari fupi ya mji wa Yeriko. Watu wa mji walimwendea nabii Elisha, wakamweleza ya kuwa mahali pao pa kukaa ni pema, ila maji yao hayafai, na nchi yaona hasara kwa sababu yake. Elisha hakuwauliza kama imani yao ni imara, wala hakuwaambia wangoje mavuno. Aliagiza chombo kipya na chumvi, akatoka, akaenda hata kwenye chemchemi yenyewe. Hapo ndipo nitakapo mtazame. Hakuishia kwa wagonjwa, wala hakuishia kwenye mitungi ya nyumbani. Alikwenda yanakotoka maji.

Sisi wa Hai tunayo nchi inayofanana na ile. Ukishuka kutoka Machame, ukaiacha migomba na kahawa nyuma yako, wafika Bomang'ombe, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Ukizidi kushuka, upande wa Rundugai, au upande wa Tindigani karibu na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, waiona nchi tambarare, mvua haba, ng'ombe na mbuzi, na watu wachotao visimani. Wengine ni Wamasai, wengine ni wana wa mlimani walioshuka kwa kukosa kihamba. Mahali ni pema kwa kukaa. Lakini maji ya baadhi ya visima ni mabaya.

Ubaya wake hauonekani kwa macho. Maji ni maangavu, tena hayanuki. Ndani yake mna madini yaitwayo floraidi, yatokayo katika mawe ya milima hii yetu iliyotapika moto zamani za kale. Kwa sababu hiyo taabu hii yajulikana pia kandokando ya Meru, na mto wa Maji ya Chai ni mashuhuri kwa jambo hilo. Floraidi ikiwa kidogo huyafaa meno. Shirika la Afya Duniani limeagiza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia. Na ikizidi sana, kwa miaka mingi, huingia mifupani. Magoti hupinda, mtoto aliyekuwa akikimbia huanza kutembea kwa shida, na wengine hutegemea fimbo kabla hawajabaleghe.

Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa waganga juu ya watoto wa kusini-magharibi ya Wilaya ya Hai waliopinda mifupa kwa maradhi haya. Walioonekana kupatwa zaidi ni watoto waliokonda, na watoto wa nyumba zinazopika kwa magadi. Nawasihi akina mama mlisikie neno hili la pili. Magadi tutiayo katika maharage na makande ili yaive upesi yaweza kuwa na floraidi nyingi. Elisha aliponya maji kwa chumvi, bali chumvi yetu hii yazidisha ugonjwa. Heri maharage yachelewe kuiva.

Na jambo jingine lijulikane, maana nimewasikia hata waalimu wakikosea. Kuchemsha maji ni kwema, tena kusiachwe, kwa kuwa huua vijidudu vya kuhara. Lakini floraidi haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki, na maji yaliyosalia huwa makali zaidi. Mama achemshaye kwa bidii bado hajamwokoa mtoto wake katika taabu hii, wala si kosa lake.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike mwezi huu, nisingoje mwezi ujao. Huruma yetu sisi Wakristo mara nyingi haina saa. Twasema, tutasaidia, na twasema kweli. Lakini mwili wa mtoto una saa yake. Meno yake ya utu uzima hujengwa ndani ya ufizi katika miaka 8 ya kwanza, au karibu na hiyo. Yakiisha kujengwa na dosari, hakuna dawa itakayoyarudisha kuwa kama yangalivyokuwa. Mifupa nayo hupinda wakati wa kukua. Mganga wa mifupa aweza kuunyosha mguu kwa kupasua, lakini mtoto akirudi kwenye kisima kile kile, ugonjwa unamngoja huko. Shilingi itakayotolewa miaka 10 baadaye itamfaa mtoto mwingine. Huyu wa leo haitamfaa.

Nami ninalo la kuungama. Katika usharika mmoja niliokuwa nikiutumikia, neno la maji ya watu wa chini lililetwa mbele ya baraza la wazee. Liliungwa mkono na wote. Kisha mzee mmoja, mtu mwema asiyemchukia mtu, akasema tumalize kwanza dari ya kanisa. Tukaona ni shauri jema. Dari ilipokwisha, likaja neno la vinanda vya kwaya, na mwaka wa pili ukapita. Siku moja ya soko nikakutana na mama mmoja pale Bomang'ombe, auzaye nyanya, ambaye tulimwahidi. Mwanawe alikuwa na miaka 4 tulipoahidi. Sasa alikuwa na miaka 6, na magoti yake yamekwisha kuanza kuachana. Nilimwambia, "Mama, tutaleta neno lako tena barazani." Akanitazama, akajibu kwa heshima, "Asante, Baba Mchungaji. Ila huyu mmekwisha kuchelewa." Hakunilaumu kwa neno jingine. Akarudi kupanga nyanya zake.

Sitaki kusema ya kwamba dari ni dhambi, wala vinanda. Nasema kwamba dari ingaliweza kungoja.

Watu watauliza, je, si kazi ya serikali? Ni kazi ya serikali, na nyingine imefanyika. Katika miaka ya 1990 Mradi wa Maji wa Hai, kwa msaada wa Ujerumani, ulianza kuyashusha maji mema kutoka chemchemi za msituni kwa mabomba, bila mashine, kwa nguvu ya mteremko tu, mpaka chini tambarare. Uroki na Bomang'ombe waliunganishwa katika mradi mmoja, na Losaa na upande wa uwanja wa ndege katika mwingine. Watu wengi walionywa maji safi kwa njia hiyo, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini bomba likifika kijijini halijafika bado katika kila boma. Mama aliye mbali na bomba, asiye na punda wala fedha ya ndoo, atachota kwenye kisima kilicho karibu. Bomba likikauka siku tatu, kijiji chote chaweza kurudi kisimani. Basi kazi ya serikali ikiisha kutajwa, mtoto yule bado ana kiu leo jioni.

Tena sisi tu watu wa namna gani, hata tupime sana kabla ya kutoa? Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwaka 1920, baada ya vita, Wajerumani waliondolewa katika nchi, na sharika zikabaki mikononi mwa waalimu na wazee wetu, wengi wao wakitumika kwa ujira mdogo au pasipo ujira. Ndipo Walutheri wa Augustana wa Marekani wakaja kutusaidia katika miaka iliyofuata, na mara ya pili katika vita ya 1939 hata 1945, wamisionari Wajerumani walipoondolewa tena. Sidhani ya kuwa Wamarekani wale walikuwa wamemaliza mahitaji ya kwao. Hata hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na mfuko uitwao wa Msamaria Mwema, na fedha za kuijenga zilitoka kwa Wakristo wengi walio mbali, wasiotujua kwa uso. Sisi tumelelewa kwa mikono ya watu. Na Msamaria wa Bwana wetu hakusema atarudi kesho kumfunga yule mtu jeraha zake. Aliyafanya yale ya upesi pale pale njiani, kwa mafuta na divai aliyokuwa nayo, akaacha na fedha kwa yale ya baadaye.

Wazee wa mlimani wataelewa kwa mfano wa mfongo. Mfongo hauchimbwi na yule tu aliye karibu na mto. Siku ya kuuzibua, kila anywaye hutokea na jembe lake, na asiyetokea hutozwa. Aliye juu haruhusiwi kuyafunga maji kwa sababu shamba lake limekwisha kulowa. Hiyo ilikuwa desturi ya baba zetu kabla hawajasikia Injili. Je, tulio juu leo, ambao maji yetu ni matamu kwa sababu tu tulizaliwa karibu na msitu, tutazibua mfongo mpaka mpakani mwetu, kisha tuweke majembe chini?

Waalimu wa mitaa ya tambarare, kwenu nina shauri la kazi. Ulizeni katika kila nyumba maji hutoka wapi, mkaandike. Yatazameni meno ya watoto wa shule ya Jumapili. Penye madoa mengi, pana neno la kuchunguza. Chukueni chupa ya maji ya kisima, mwombeni afisa wa maji awaonyeshe maabara ya kuyapimia, msikisie kwa ulimi. Visima viwili vya jirani vyaweza kutofautiana sana.

Kisha tazameni bati la kanisa lenu. Maji ya mvua hayana floraidi ya kudhuru. Paa lenye mita 10 kwa 15, mvua ikinyesha milimita 10 tu, hupokea lita 1,500. Mkiwa na mfereji wa bati na tangi la lita 10,000, na watoto 40 walio chini ya miaka 8, kila mmoja akipewa lita 2 kwa siku ya kunywa na kupikiwa uji, tangi hilo moja litawatosha siku 125. Wakubwa tutakunywa ya bomba au ya kisima kama tulivyozoea. Sisi mifupa yetu imekwisha kukomaa, ingawa nasi tusijidanganye kwamba hatudhuriki. Iacheni mvua ya kwanza ioshe paa, na tangi lifunikwe, mbu wasizae humo.

Iko na njia ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo huko Ngurdoto, katika mkoa wa Arusha, wataalamu wa serikali waliichunguza kwa miaka mingi. Maji hupitishwa katika mkaa ule, nao huishika floraidi. Mifupa iliyokufa yaiponya iliyo hai! Lakini mkaa huo huchoka, hubadilishwa kwa wakati wake, na si kila mkaa ufaao. Msijaribu bila fundi.

Nanyi wa sharika za juu, mlio na kahawa na maziwa, siombi sadaka ya mara moja ya kutuliza dhamiri. Kila usharika wa juu ujichagulie mtaa mmoja wa chini, uujue kwa jina, wazee wake washuke kuuona, na mfereji na tangi viwekwe kabla ya mvua za masika. Dari za makanisa zifuate nyuma.

Yule mama wa nyanya nilimwona tena mwezi uliopita. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa kike, mdogo wake yule wa kwanza. Ana miezi 4, angali akinyonya, na maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana. Kwa hiyo mpaka sasa yu salama. Akitimiza miezi 6 ataanza kupewa uji, na mpaka leo nyumba ile haina maji mengine ila ya kisima.