Ukweli wa Nasaba katika Arua na Koboko

Nasaba ni madai kwamba mtu aliye hai leo ameungana na mtu aliyekufa zamani kwa mnyororo wa uzazi usiokatika. Kila binadamu anao mnyororo huo, ajue asijue, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa bila wazazi. Ugumu unaanza pale mnyororo unapotajwa kwa majina. Kwa nini yatajwe haya na yaachwe yale, na ni kitu gani kinachoifanya orodha ya majina iwe kweli au uongo? Katika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, maswali haya hayakai vitabuni. Yanaulizwa wakati wa posa, mazishini, kwenye mashauri ya ardhi na kwenye foleni ya kitambulisho cha taifa.

Hesabu inasaidia kuonyesha ukubwa wa jambo. Mtu ana wazazi wawili, babu na bibi wanne, na kila kizazi kinachorudi nyuma huongeza idadi maradufu. Kizazi cha kumi kina nafasi 1,024. Cha ishirini kina 1,048,576. Cha thelathini kinapita bilioni moja, nao ni watu wengi kuliko waliokuwa wakiishi duniani wakati huo, kwa hiyo ni lazima mtu yuleyule ajaze nafasi nyingi: ndugu wa mbali walioana bila kujua, na wazee wa mmoja wakawa wazee wa wengi. Mzee wa gombolola ya Ajia, upande wa Vurra, anapotaja baba, babu, baba wa babu na kuendelea hivyo mpaka kizazi cha kumi, huko juu ametaja jina moja katika nafasi 1,024. Zile 1,023 zimemzaa vilevile. Hakudanganya, amechagua, na uchaguzi huo hakuufanya peke yake, aliukuta.

Wakazi wengi wa Ajia ni Walugbara, na simulizi yao ya asili inaonyesha uchaguzi huo unaanzia wapi. Mwanzoni wanatajwa Gborogboro na Meme, mume na mke wa kwanza, kisha jozi za kaka na dada waliozaana wao kwa wao bila mahari. Baadaye wanakuja mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Dribidu anasimuliwa kuwa mtu mwenye manyoya mwili mzima, aliyekula watoto wake mwenyewe. Jaki alifia mlima Liru, upande wa Koboko, naye Dribidu mlima Wati, huko Terego. Wana wao ndio waasisi wa koo za leo. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952 na kutoa kitabu chake kuhusu dini yao mwaka 1960, aliona kwamba watu wa mwanzo katika simulizi hizi wanaishi kinyume cha utu wote: wanaoana ndugu, wanakula wao kwa wao. Nasaba inayohesabiwa kwa mpangilio, baba hadi mwana, inashika njia pale sheria inaposhika njia. Kabla ya mahari na mwiko kulikuwa na kuzaana, lakini hakukuwa na ukoo. Hoja hii ni nzito kuliko inavyoonekana, maana inakiri tangu mwanzo kwamba damu peke yake haijawahi kumpa mtu ukoo.

Nasaba za aina hii zina tabia nyingine inayowashangaza waliozoea daftari. Vizazi vinaendelea kuzaliwa, lakini orodha hairefuki. Mwasisi anabaki juu, babu wa karibu wanabaki chini, na majina ya katikati yanadondoka, hasa ya watu ambao uzao wao ulikuwa mchache au ulihama. Milango miwili ya ukoo iliyokosana na kuachana inaweza, baada ya miaka, kukuta waasisi wake waliokuwa ndugu wa mama mmoja sasa wanatajwa kuwa wa mama tofauti. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan aliandika jambo kama hilo kuhusu Wativ wa Nigeria mwaka 1952. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kwamba marehemu anaendelea kuwa mtu mwenye nafsi yake maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina, na akikosekana wa kumkumbuka anaingia katika umati wa wasio na majina. Maelezo hayo yanafaa kwa majina ya katikati, ila hayagusi yale ya juu kabisa. Hakuna aliye hai aliyemwona Jaki. Jaki anatajwa kwa sababu watu wanaoishi leo wanahitaji mahali pa kukutania.

Karne nyingi kabla ya wanaanthropolojia, mwanahistoria Ibn Khaldun alilisema hilo waziwazi. Katika Mukadima yake, aliyoiandika mwaka 1377, alishikilia kwamba nasaba ni jambo la kudhaniwa, lisilo na mwili, na faida yake ni ule mshikamano linaouleta. Alieleza pia kwamba mtu anaweza kuingia katika nasaba ya wengine kwa kupewa hifadhi, kwa mapatano au kwa kukimbia kosa kwao, akabeba haki na madeni yao, na baada ya muda asili yake ya kwanza ikasahauliwa hata na wajukuu wake.

Mfano hai wa maneno hayo ni Wanubi wa Arua na Koboko. Chimbuko lao linarudi kwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, tangu 1878, aliyekatwa njia na vita vya Mahdi huko Sudan na kuhamishia makao yake Wadelai, kwenye Naili, mwaka 1885. Mpelelezi Stanley alipomwondoa Emin mwaka 1889, askari wengi walibaki na wake zao, watoto na wafuasi wao, na mwaka 1891 afisa Mwingereza, Lugard, akawaandika jeshini sehemu yao karibu na Ziwa Albert, wakiwa chini ya Selim Bey. Watu hao walitoka kila upande: Wabari, Wamakaraka, Wamoru, Wakakwa, Waalur, Walendu na wengine. Kilichowafanya kuwa watu wamoja ni kambi ya jeshi, Uislamu na Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha askari. Kwa miongo mingi baada ya hapo, Mkakwa, Mlugbara au Mwaringa aliyesilimu, akahamia mjini na kukizungumza Kinubi nyumbani kwake, aliweza kuhesabiwa kuwa Mnubi, na watoto wake wakawa hivyo bila swali. Ni rahisi kusema kwamba nasaba ya namna hiyo si ya kweli. Lakini basi ni ipi iliyo ya kweli? Ukoo wa Kilugbara nao umewapokea wageni waliokimbia njaa na vita, na vitukuu wao leo wanamtaja mwasisi yuleyule. Tofauti ni kwamba kwa Wanubi mlango wa kuingilia bado unaonekana, na kwa wengine umekwisha kupigwa lipu.

Yaliyoachwa na nasaba ya wanaume hayapotei kabisa, na mahali pa kuyaona kwa karibu ni msiba wa Kilugbara. Marehemu analala uani kwao, kaburi linachimbwa karibu na makaburi ya baba na babu, na anayesimulia maisha yake anataja upande wa baba kwa kirefu. Kisha wanafika wajomba. Hawaji kama wageni wa kawaida; wanakuja kuuliza mtoto wa dada yao alitunzwaje na amekufaje, na kudai haki yao, na mazungumzo ya malipo hayo yanaweza kuchukua saa nyingi huku watu wazima wakienda pembeni kushauriana na kurudi. Siku hiyo ukoo wa mama, ambao katika orodha hauna hata mstari mmoja, una sauti ya kusimamisha shughuli. Posa nayo inaurudisha: kabla ya mahari kuzungumzwa, wazee wanataka kujua mama wa kijana ametoka ukoo gani, kwa sababu kijana hawezi kuoa kwa wajomba zake. Jamii ambayo inatamka jina la mwanamume mmoja kwa kila kizazi, kumbe inawajua na kuwaheshimu wengi zaidi. Upungufu uko katika namna ya kutaja, na ni upungufu wa kusikitisha, maana kinachobaki baada ya wazee kufa ni kile kilichotajwa.

Wengi hutumaini kwamba maandishi yangemaliza utata wote. Hakuna mahali pazuri pa kulipima tumaini hilo kama Quebec, kwa Wakanada wenye asili ya Ufaransa. Parokia zao zimeandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1621. Padri Cyprien Tanguay alikusanya familia hizo katika kamusi ya juzuu saba zilizotoka kati ya 1871 na 1890, na Chuo Kikuu cha Montréal kimejenga hazina ya takwimu ya wakazi wote wa zamani. Mwanamke aliandikwa kwa jina la ukoo alikozaliwa hata baada ya kuolewa, kwa hiyo Mquebec wa leo anaweza kurudi kwa mama wa mama wa mama yake mpaka kwa mmojawapo wa wale wasichana karibu 800 waliopelekwa na mfalme Louis wa 14 kati ya 1663 na 1673 wakaolewe na walowezi. Mzee wa Ajia hana daftari la namna hiyo. Hata hivyo padri aliandika alichoambiwa. Baba aliyetajwa siku ya ubatizo ni baba aliyekubali kutajwa. Mtoto aliyeokotwa aliandikwa kuwa hana wazazi wanaojulikana, na baadhi ya wanawake wenyeji wa nchi ile walioolewa na Wafaransa walibakizwa na jina la ubatizo tu, ukoo wao ukafutika hapohapo. Daftari linahifadhi vizuri mno. Linahifadhi pia mapengo.

Tena karatasi hufuata mipaka, na damu haikufundishwa kufuata mipaka. Huko Saliamusala, karibu na mji wa Koboko, ndipo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Wakakwa wanaishi pande zote tatu, ndugu wa mlango mmoja wakiwa na vyeti vilivyoandikwa Kiingereza au Kifaransa, na vingine vya zamani Kiarabu. Eneo la Koboko lenyewe lilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, likawa la Sudan mwaka 1910, likaingizwa Uganda mwaka 1914, kwa hiyo mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kufa katika utawala wa nchi tatu bila kuondoka uani kwake. Baada ya Rais Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile, yaani mkoa huu wa ukoo wake, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Watoto wengi walizaliwa huko. Waliporudi, makaburi ya uani yalikuwa ushahidi wa ardhi kuliko karatasi yoyote.

Kutokana na haya yote, Ibn Khaldun amepatia nusu. Mshikamano kweli ndio faida ya nasaba, lakini kuna wakati nasaba inatumika kuuvunja, na hapo haitoshi kusema kwamba ni jambo la kudhaniwa. Anayempokea mgeni katika ukoo wake hahitaji ushahidi, kwa sababu anatoa kilicho chake. Anayemkana mtu, akamnyima ardhi, mke au uraia kwa kudai si wa hapa, anachukua kilicho cha mwingine, na ni juu yake kuthibitisha. Kenya ilikigeuza kipimo hiki juu chini kwa Wanubi wake: kijana aliyefikisha miaka 18 alitakiwa kupita kwenye jopo la uhakiki na kuleta hati za babu na bibi zake kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali vijana wa makabila mengi hawakutakiwa hivyo. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto hao. Vipimo vya vinasaba haviondoi dhuluma ya aina hii. Vinajibu nani alimzaa nani, na swali la nani alimpokea nani vinaliacha lilivyo.

Katiba ya Uganda ya 1995 imeweka mpaka wake kwenye tarehe: jamii zilizokuwa zikiishi nchini tarehe 1 Februari 1926, na katika orodha yake wamo Walugbara, Wakakwa na Wanubi. Mtu yeyote anaweza kulalamikia tarehe kama hiyo, kwa kuwa historia haikuanza siku ile. Lakini Ibara ya 10 ina jambo ambalo nasaba ya kutajwa kwa mdomo haijawahi kulitoa. Aliyezaliwa Uganda anahitaji mzazi mmoja, au babu au bibi mmoja, wa mojawapo ya jamii hizo. Aliyezaliwa nje ya nchi, kama wale watoto wa ukimbizini, anatosheka na mmoja wao aliyekuwa raia wa kuzaliwa. Ibara haibagui upande wa baba na upande wa mama, na bibi mzaa mama anatosha.