Imani, Kundi na Uadui

Kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya Tanzania ilikuwa desturi mchinjaji awe Mwislamu, ili kitoweo kiliwe na wote, iwe arusini, msibani au sokoni. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, desturi hiyo iligeuka kuwa ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja, na mchungaji mmoja akauawa. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2012, ubishi wa watoto wawili huko Mbagala, Dar es Salaam, ulifika hata mmoja akaunajisi msahafu. Watu wazima wakatoka kwenda kushambulia makanisa. Je, ni dini iliyoleta uadui huu?

Wako wajibuo upesi kuwa dini ni mama wa fitina, na wako wajibuo upesi vile vile kuwa dini haina lawama, wenye kosa ni wahuni wachache. Majibu yote mawili hupendeza, kwa sababu humwondolea mjibuji mzigo wa kujichunguza.

Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia ya jamii, Muzafer Sherif, alikusanya wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 katika kambi moja jimboni Oklahoma, Marekani. Wote walikuwa wa malezi ya namna moja na dini moja. Aliwagawa makundi mawili, akawashindanisha kuvuta kamba na michezo mingine ya tuzo. Haukupita muda wakawa wanatukanana, wanavamiana mabwenini, na bendera ikachomwa moto. Hapakuwa na msahafu wala msalaba kati yao. Palikuwa na "sisi" na "wao", basi. Na mwaka 1994 nchini Rwanda, Wakristo waliuawa na Wakristo wenzao ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata. Dini moja haikuwa kinga, maana "sisi" na "wao" walikuwa wamekwisha kugawanywa kwa jina jingine.

Basi imani ina makao mawili: moyoni na kundini. Moyoni humwuliza mtu, "Leo umetenda haki?" Kundini humwuliza, "Wewe ni wetu?" Maswali haya yote ni ya kibinadamu, kwani hakuna aabuduye peke yake maisha yake yote. Lakini itikadi kali huzaliwa pale swali la pili linapolimeza la kwanza. Hapo mpole huitwa msaliti. Kila msemaji hujitahidi kumpita mwenziwe kwa ukali, asije akadhaniwa kuwa imani yake ni haba. Na wale wasiokubali hunyamaza, kila mmoja akidhani yuko peke yake, kumbe pengine ndio walio wengi. Hivyo kundi zima huweza kutenda jambo ambalo wengi wao, mmoja mmoja, wasingelitaka.

Hatusemi kuwa mshika dini sana ni mshari. Mtu aweza kutimiza kila sala, asile alichokatazwa, na jirani yake akalala usingizi mwema. Mkristo atakaye kuchinja mwenyewe ana dhamiri, na Mwislamu asiyeweza kula nyama hiyo ana dhamiri pia. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inawalinda wote wawili. Dhamiri mbili huweza kuketi na kupatana juu ya machinjio. Ni fahari mbili zisizoweza.

Dawa nayo ilionekana katika kambi ile. Kuwakutanisha tu wavulana wale hakukutosha. Walipokutana mezani walirushiana chakula. Lakini maji ya kambi yalipokatika, na gari la kuwaletea chakula lilipokataa kuwaka, hapakuwa na kundi lililoweza kujitosheleza. Walilivuta gari lile pamoja, kwa kamba ile ile waliyokuwa wakishindania.

Mwalimu na mwanafunzi wakumbuke hayo wanapogawana kazi shuleni. Lakini kazi ya pamoja haitoshi pasipo ujasiri mmoja mdogo: dhuluma inaponenwa juu ya wasiokuwapo, awepo mmoja wa kundi lile lile wa kusema, "Hapana, hilo si haki." Atakayesema hivyo atashangaa kuona ni wangapi waliokuwa wakimngoja.