Heshima Isingoje Mgongo Upinde

Siku ya soko huku kwetu, kuanzia Litein hadi Bomet, hukosi mchuuzi mwenye kipaza sauti akiuza unga wa kopo eti wa kurudisha ujana wa magoti. Wanaomzunguka ni akina mama waliochuma chai tangu usichana wao, aproni ya plastiki kiunoni, kikapu mgongoni. Asubuhi vidole vyao havikunjuki mpaka vishike kikombe cha moto.

Kilichochakaa ni kano, zinazoshikilia misuli na mifupa, na gegedu, inayofunika ncha za mifupa. Zote zimesukwa kwa protini iitwayo kolajeni. Umri huipunguza, na mzigo wa kila siku usio na nafasi ya kupona huichakaza mapema. Unga ule wa sokoni nao ni kolajeni, na tumbo huuvunja kama protini nyingine yoyote. Maharagwe, mayai na mursik, maziwa yetu ya kuchacha, hutoa malighafi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Ongeza mapera na sukuma wiki isiyopikwa mpaka ikapoteza rangi, kwa sababu bila vitamini C mwili hauwezi kusuka kolajeni imara. Gegedu nayo haina mishipa ya damu: hulishwa na ute wa kiungo, kiungo kinapotembezwa. Mwili unataka kazi, kisha unataka kupumzika.

Kupumzika ndiko kugumu, maana mchumaji hulipwa kwa kilo. Kila akinyoosha mgongo, malipo yanapungua. Wachumaji wengi wa Kericho walifikisha kilio cha migongo yao Edinburgh, Uskoti, wakiishtaki kampuni ya chai ya James Finlay (Kenya), ambayo iliyapinga madai. Mwaka 2022 mahakama ya huko iliwaruhusu kushtaki kwa pamoja. Mwaka uliofuata majaji wakaisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza sheria ya fidia ya Kenya.

Sisi wenye mashamba madogo tusijifiche nyuma ya kampuni. Chai ikishapogolewa hukaa chini, na mchumaji huinama zaidi. Huo ndio wakati wa kupokezana zamu na kupeleka kikapu kituoni kikiwa nusu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Wazee tunawaheshimu: tunawapisha kiti, tunawavika blanketi siku ya sherehe. Lakini kogo, nyanya yetu, alihitaji kupishwa akiwa na miaka thelathini, kikapu kimejaa na kilima kiko mbele yake. Anayekuchumia leo mpunguzie mzigo, mwongezee malipo kwa kilo, na siku yake ya ibada usimwite shambani.